Jiko la mkaa au kuni ndani ya nyumba: Chini uweke nini?

Mvua ikianza jioni, jiko lililokuwa barazani linaingizwa ndani. Kwa waliopanga chumba kimoja linawekwa karibu na mlango, juu ya kapeti la plastiki au tailizi. Maharage yanaiva, watu wanakula, jiko linaondolewa. Ndipo unaona duara jeusi kwenye kapeti, au tailizi imepata ufa.

Hapo umepona na hasara ndogo, na pengine maneno ya mwenye nyumba. Hasara kubwa ni nyumba kushika moto. Haya ndiyo ya kujua kabla hujawasha.

Kutoungua na kuzuia joto ni vitu viwili

Wengi huweka kipande cha bati chini ya jiko na kuona kazi imeisha. Bati haliungui, ni kweli. Lakini linapitisha joto haraka sana, hivyo kilicho chini yake kinaendelea kuungua taratibu bila wewe kuona.

Kinga nzuri inafanya kazi mbili: haishiki moto, na inapunguza joto linaloshuka. Kazi hiyo ya pili inahitaji unene, au nafasi ya hewa kupita katikati.

Anza kwa kujua sakafu yako

*Kapeti la plastiki:* Huanza kulainika kwenye joto la nyuzi 80 hivi. Likiungua hutoa moshi wenye asidi unaowasha macho na koo. Usiweke kinga juu yake. Likunje kabisa, kisha weka kinga kwenye sakafu yenyewe.

*Mbao:* Hii ndiyo ya kuogopa zaidi. Mbao inayopashwa joto mara kwa mara kwa miezi hukauka na kugeuka kahawia, na baadaye inaweza kushika moto kwa joto dogo kuliko mbao mpya. Kwa hiyo "mbona nimepikia hapa mwaka mzima" si utetezi.

*Tailizi:* Haziungui, ila hupasuka. Sehemu iliyo chini ya jiko inatanuka huku pembeni kukiwa baridi. Ukimwagia maji zikiwa za moto, umezimaliza.

*Saruji:* Ndiyo salama kuliko zote, ingawa joto kali la mara kwa mara linaweza kuibandua juu.

Vitu vya kuweka chini

1. Matofali ya kuchoma. Bei yake si kubwa na yanapatikana karibu kila mahali. Yapange yagusane ili kaa lisipenye katikati.

2. Tofali za saruji zenye matundu. Zilaze ili matundu yatazame pembeni, hewa ipite upande hadi upande. Hewa hiyo ndiyo inayobeba joto.

3. Sinia pana la chuma lenye mchanga mkavu. Jaza kama sentimita 5. Linafaa kwenye saruji na tailizi. Kwenye mbao, liweke juu ya matofali.

4. Bati juu ya matofali. Hapa bati lina kazi: linadaka makaa na cheche, na matofali yanazuia joto.

Usitumie vipande vya bati la zamani la asbesto, kwani vumbi lake husababisha saratani. Mawe ya mtoni nayo achana nayo. Yakiwa na maji ndani, yanaweza kupasuka kwa kishindo yakipata moto.

Upana je?

Kosa la kawaida ni kinga kulingana na kitako cha jiko. Makaa hayaanguki chini ya jiko, yanaanguka mbele, kwenye mlango wa majivu.

Kiwango cha Marekani kwa majiko ya kuni ya kupashia nyumba kinataka kinga itokeze inchi 18, yaani kama sentimita 45, kila upande. Uingereza inaruhusu bamba la milimita 12 tu iwapo jiko halipashi sakafu zaidi ya nyuzi 100. Likizidi hapo, unene unaotakiwa ni milimita 125. Majiko yetu ni madogo, lakini somo ni lilelile: mbele kuwe na nafasi ya kutosha, na unene uendane na ukali wa jiko.

Jiko lenye udongo ndani hupitisha joto kidogo kuliko la bati tupu. La bati tupu lenye miguu mifupi ndilo linalohitaji kinga nene zaidi.

Jaribu mwenyewe

Pika kwa saa moja, kisha toa jiko nje kwa uangalifu. Inua tofali moja kwa kitambaa kinene na usogeze mgongo wa mkono karibu na sakafu. Ukihisi joto kali, usiguse. Kinga yako haitoshi. Ongeza safu ya pili.

Ukimaliza kupika, majivu yaweke kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko, nje. Kaa lililofukiwa na majivu linaweza kubaki hai mpaka kesho yake.

Kinga ya sakafu haikulindi na hewa

Hata ukipanga matofali vizuri namna gani, mkaa bado unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na inaua. Fungua mlango na dirisha wakati wote wa kupika. Baridi iwe kali vipi, usilale na jiko chumbani, hata kama unaona makaa yamefifia.

Na kama kuna mtoto anayetambaa, jiko likae kona ambayo hapiti, mbali na pazia na godoro. Matofali yenyewe hubaki ya moto muda mrefu baada ya jiko kutolewa.