Barafu isiyoonekana: namna milima inavyopimwa kwa umeme

Huku kwetu Pwani anayechimba kisima bila kupima hujuta. Nilimshuhudia jirani akilipia uchimbaji mita baada ya mita, na siku maji yalipotoka yalikuwa ya chumvi, hata kufulia hayakufaa. Mwenzake wa pili alitangulia kuita wapimaji. Walikita vijiti vya chuma kwa mstari, wakavifunga nyaya, wakapitisha umeme na kuandika namba. Maji ya chumvi hupitisha umeme kwa urahisi kuliko maji matamu, na kwa tofauti hiyo mpimaji hukwambia uchimbe wapi na uishie kina gani.

Msomaji atashangaa nikimwambia kuwa vijiti na nyaya za namna hiyo hupandishwa kwenye vilele vya Alps, nchini Uswisi, kutafuta barafu iliyojificha ndani ya mlima.

Kitaalamu ardhi hiyo huitwa pamafrosti, yaani ardhi au mwamba ambao joto lake halipandi juu ya nyuzi 0 za Selsiasi kwa muda wa miaka 2 mfululizo au zaidi. Tusiichanganye na barafu ya Kilimanjaro inayoonekana kwa macho. Pamafrosti imefunikwa na tabaka la juu linaloyeyuka kila kiangazi na kuganda tena, kwa hiyo unaweza kusimama juu yake ukaona mawe makavu tu. Na barafu iliyo katika nyufa za mwamba ni kama gundi. Ikilegea, mlima nao hulegea. Katika joto kali la mwaka 2003 kipande cha Matterhorn kiliporomoka, na wapanda milima wakalazimika kuokolewa.

Njia ya zamani ni ya bei rahisi. Mwanasayansi wa Uswisi, Wilfried Haeberli, aliieleza miaka ya 1970: mwisho wa majira ya baridi, theluji ikiwa imefika unene wa karibu mita 1, unachomeka fimbo yenye kipimajoto hadi chini kabisa ya theluji. Ukipata chini ya nyuzi 3 hasi, huenda pamafrosti ipo. Ukipata juu ya nyuzi 2 hasi, huenda haipo. Lakini fimbo haikwambii barafu ni nene kiasi gani.

Hapo ndipo umeme unapohitajika. Barafu hukataa kupitisha umeme. Udongo wenye maji hupimwa kwa makumi, mamia au maelfu machache ya omu-mita, ilhali ardhi iliyojaa barafu yaweza kufika milioni 1. Taabu ni kwamba juu kule hakuna udongo wa kukita vijiti. Ni mawe makubwa yaliyorundikana. Wapimaji hubana sifongo zilizoloweshwa maji ya chumvi kati ya mawe ili umeme upate njia. Nilipolisoma hilo nilicheka: chumvi inayotuharibia visima ndiyo inayowafaa wao.

Hata hivyo umeme peke yake hudanganya, kwa kuwa hewa iliyo kati ya mawe nayo haipitishi umeme. Kwa hiyo hugonga ardhi kwa nyundo kubwa na kupima kasi ya mtetemo. Katika hewa mtetemo huenda mita 330 kwa sekunde, katika maji kama 1,500, katika barafu karibu 3,500. Mahali panapokataa umeme na papo hapo mtetemo ukakimbia, hewa imeshaondolewa katika hesabu. Uthibitisho wa mwisho ni kuchimba, na kuchimba mlimani ni ghali. Huko Murtèl, karibu na kilele cha Corvatsch, shimo la mita 58 lilichimbwa mwaka 1987, na joto lake linasomwa mpaka leo.

Katika mlima wa Schilthorn, wenye mita 2,970, vijiti viliachwa palepale tangu 1999 ili mstari uleule upimwe tena na tena. Ukinzani wa umeme umekuwa ukishuka. Maana yake barafu inapungua na maji yanaongezeka.

Lakini vipimo hivi havitaji siku ya mlima kuanguka. Tarehe 23 Agosti 2017, mwamba wa takriban mita za ujazo milioni 3 ulitoka Piz Cengalo, mlima wenye pamafrosti, na tope likashuka hadi kijiji cha Bondo. Wanakijiji walikuwa na mtambo wa tahadhari uliowekwa baada ya mporomoko wa 2011, wakahama wakiwa hai. Watu wanane waliokuwa wakitembea juu bondeni siku hiyo hawakupatikana tena.