Negrito

Novemba 29, 2020, Edinson Cavani alitoka benchi akaifungia Manchester United mabao mawili dhidi ya Southampton. Rafiki akampongeza Instagram, naye akajibu kwa Kihispania: "Gracias, negrito." Mitandao ikawaka. Alifuta, akaomba radhi, lakini Chama cha Soka cha England (FA) kikamfungia mechi tatu na kumtoza faini ya pauni 100,000.

Negro ni mweusi. Kiishio -ito hulibembeleza neno. Kule Uruguay, kwao Cavani, mama humwita hivyo mwanawe, na mke mumewe, hata kama ni mweupe pe. Akademia ya lugha ya nchi hiyo iliipinga adhabu hadharani, na naona ilikuwa na haki. Kwani hata kwetu, "mweusi wangu" ya mpenzi na "wewe mweusi" ya mgomvi ni mbingu na ardhi.

Luis Suárez, Mruguay mwenzake, alifungiwa mechi nane mwaka 2011 kwa neno negro alilomwambia Patrice Evra. Wao walikuwa wakizozana uwanjani. Cavani alikuwa anamshukuru rafiki. Waliomrukia mtandaoni walilipima neno kwa mizani ya Kiingereza, wala hawakuuliza nani kamwambia nani.