Kukazia hukumu

Mahakama za Tanzania zina msemo ambao Kenya tungefaa kuutumia zaidi: kukazia hukumu, yaani kuhakikisha inatekelezwa. Wazee wa Keringet wakiamua mpaka wa shamba la viazi, Kifungu cha 159 cha Katiba ya 2010 kinahimiza njia yao. Lakini bila amri ya korti, aliyeshindwa aweza kupuuza. Kadhi, tofauti na wazee, ana nguvu ya kukazia, kwa kuwa Kifungu cha 170 kimemweka ndani ya Mahakama. Israeli nako, sheria ya 1995 inaruhusu korti za marabi kumnyima leseni, hata kumfunga, mume anayekataa kumpa mkewe hati ya talaka. Hukumu isiyokaziwa humnufaisha mwenye nguvu. Maamuzi ya wazee yaandikwe, kisha yapelekwe kortini yakaziwe.