Njia mbili zikiungana, umati hukwama wapi? Hesabu yake hii hapa

Chukulia tamasha la kwaya limeisha Ulyankulu, mkoani Tabora, kule ambako barabara zina namba na Barabara ya 13 inajulikana nchi nzima kwa kwaya yake. Watu wanatoka kwa njia mbili, kila moja ina upana wa mita 2. Mbele zinaungana kwenye geti moja la mita 3.

Mwongozo wa usalama wa viwanja vya michezo Uingereza unakadiria kuwa kila mita 1 ya upana, penye tambarare, hupitisha watu 82 kwa dakika. Njia zile mbili zinaleta watu 328 kwa dakika, geti linapitisha 246 tu. Ndani ya dakika 5 watu 410 wamejazana nyuma ya geti, na hapo hakuna hata mmoja aliyekimbia.

Mwaka 1995 Dirk Helbing na Péter Molnár walitunga modeli inayomchukulia kila mtembea kwa miguu kama anayesukumwa na nguvu: moja inamvuta aendako, nyingine zinamkwepesha wenzake na kuta. Mwaka 2000 Helbing na wenzake wakaonyesha kwa kompyuta kitu cha kushangaza: watu wakiharakisha sana mlangoni, wanatoka polepole zaidi. Mabega yanabanana na kuziba njia.

Shida ni kwamba wa nyuma haoni kinachoendelea mbele, anazidi kusukuma. Huko Mina, 24 Septemba 2015, misafara ya mahujaji ilikutana pale Barabara ya 204 inapoungana na ya 223. Saudi Arabia ilitangaza vifo 769. Hesabu zilizokusanywa kutoka nchi za mahujaji zilipita 2,000. Watanzania walikuwemo.

Tunazoea kusema "wamekanyagana", lakini wengi hufa wakiwa wamesimama, kifua kimebanwa hadi pumzi inakata. Wakifika watu 7 kwenye mita 1 ya mraba, miguu haina hiari tena. Tabora inaujua msiba wa kubanana: Idd el-Fitr ya 2008, watoto 20 walikufa kwenye ukumbi wa disko uliofurika.

Kwa mfano wetu, geti lilitakiwa liwe mita 4. Kama haliwezi kupanuliwa, njia moja isimamishwe kwa zamu, tena mbali na makutano, watu wakiwa bado na nafasi ya kusimama. Kuwazuia getini penyewe ni kuongeza hatari, na mshereheshaji anayepaza sauti "harakisheni jamani" hasaidii kitu.