Dungu la Rufiji

Anayetaka kujua jinsi Warufiji walivyoishi na mto wao na alitazame dungu: kibanda kilichosimama juu ya nguzo katikati ya mpunga, sakafu yake ikipita kimo cha mtu. Wapita njia wengi hudhani ni makao ya mtu asiye na nyumba. Mimi nalihesabu kuwa kazi ya ufundi mkubwa, na nimelijenga kwa mikono yangu.

Aliyenifundisha ni bibi mzaa mama, aliyelala dunguni kila masika tangu alipoolewa. Alichagua nguzo zenye panda, akazichimbia chini sana. Juu ya panda alilaza miamba, na juu ya miamba fito zilizobanana, zote zikafungwa kwa kamba za miyaa ya mkoche. Misumari hakuitaka kabisa. Maji yakisukuma, alisema, kamba huyumba pamoja na nguzo, msumari hung'oka. Pembe moja ya sakafu aliikandika udongo mnene, hapo ndipo palipokuwa jikoni. Mtumbwi ulifungwa kwenye ngazi.

Mpunga ulipandwa mvua zilipoanza, ili mafuriko ya Machi na Aprili yaukute umeshasimama. Ukianza kuzaa, kazi ilikuwa kuamia ndege kutwa, watoto wakipiga teo na kugonga madebe, na usiku kuwafukuza nguruwe na viboko. Maji yakishuka yaliacha tope jeusi lenye rutuba, likapandwa mahindi: hicho ndicho kilimo cha mlau. Kwa hiyo mafuriko yalikuwa yanangojewa. Mwaka ambao mto haukupanda ndio ulioleta njaa.

Serikali iliyaona mafuriko kwa jicho jingine. Baada ya mafuriko makubwa ya 1968 ikaja Operesheni Rufiji, miaka kadhaa kabla ya Operesheni Vijiji kuenea nchi nzima. Watu wakahamishwa kutoka bondeni kwenda kwenye ardhi ya juu, Ikwiriri na kwingineko. Shule na zahanati zilikuwa jambo jema, sitalipinga. Lakini mashamba hayakuhama. Dungu lililokuwa jirani na nyumba likawa safari ya mbali, na familia ikagawanyika msimu mzima: watoto kijijini kwa ajili ya masomo, mama ng'ambo ya mto akilinda mpunga peke yake. Ndege hawakupungua, walinzi ndio waliopungua. Hasara hiyo, kwa maoni yangu, haijapewa uzito wake katika simulizi za ujamaa.

Kimo cha sakafu bibi alikipima kwa alama ya tope ambayo mafuriko ya mwaka mkubwa yaliiacha kwenye mashina ya mivumo, akaongeza urefu wa mkono. Leo juu ya bonde kuna Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo ya megawati 2,115, na maji hayafuati mvua peke yake. Aprili 2024 yalizamisha mashamba na nyumba za watu Rufiji. Mkulima anayejenga dungu mwaka huu anahitaji kuambiwa mapema, kwa redio na kwa mjumbe wa kitongoji, ni lini maji yatafunguliwa na yatapanda kiasi gani, ili ajue miamba ailaze wapi.