Bweni, Jando na Jina: Kuhusu Uanaume katika Shule za Upili za Kenya

Makala haya yananuia kuchunguza jinsi dhana ya uanaume ilivyojengwa katika shule za bweni za wavulana nchini Kenya, na jinsi chuki dhidi ya wanaodhaniwa kuwapenda wa jinsia yao ilivyopata kuwa nguzo mojawapo ya ujenzi huo. Huenda msomaji akauliza kwa nini suala hili lishughulikiwe na mwanafasihi. Jibu letu ni kwamba chuki hiyo huanza kama jina. Kabla ya kipigo, na kabla ya barua ya kufukuzwa shule, kuna neno lililotamkwa.

Tulianzie neno lenyewe. Kwa Waswahili wa pwani, shoga ni jina waitanalo wanawake waliosuhubiana. Kamusi ya Kiswahili Sanifu (1981) inalieleza hivyo, tena inatoa na maana ya mwanamume mwenye mwenendo wa kike. Maana hizo mbili zimekaa nyumba moja kwa muda mrefu. Gill Shepherd, aliyeandika kuhusu Mombasa mwaka 1987, alionyesha kwamba wanaume walioitwa kwa jina hilo walikuwa na nafasi inayojulikana mtaani, hata arusini, na kwamba nasaba na mali vilipima hadhi ya mtu kuliko mambo ya chumbani kwake. Hatudai kwamba pwani ilikuwa pepo. Hanithi lilikuwa tusi, na dini ilikuwa na hukumu yake. Lakini neno lilipopanda bara, liliiacha njiani maana yake ya kwanza. Mwanafunzi wa Nyeri au Kakamega aliyejifunzia Kiswahili darasani hana shangazi anayebisha hodi kwa jirani akiita, "Shoga, upo?" Yeye amelipokea likiwa tusi tupu.

Bara nako kulikuwa na mambo yake. Jomo Kenyatta, katika Facing Mount Kenya (1938), alishikilia kwamba mapenzi ya jinsia moja hayakujulikana miongoni mwa Agĩkũyũ. Kauli hiyo imerudiwa sana na wanasiasa, ila wengi wao huiacha nusu yake ya pili. Kenyatta alitoa sababu: kwamba vijana wa kike na wa kiume waliruhusiwa kukaribiana kwa utaratibu uliosimamiwa na rika, hata wasiwe na haja ya kutafuta njia nyingine. Tunaweza kuitilia shaka hoja yake, kwani mtaalamu anayetetea utamaduni wake mbele ya wasomi wa London ana mengi ya kuficha. Hata hivyo, hoja hiyo inatuambia kwamba, kwa mujibu wake yeye mwenyewe, ujinsia wa kijana ulikuwa jambo la kufundishwa, wala si la kunyamaziwa.

Shule ya bweni ilikuja ikauvunja utaratibu huo. Maseno ilianzishwa mwaka 1906, Alliance mwaka 1926. Carey Francis, aliyeongoza Maseno tangu 1928 kisha Alliance kuanzia 1940 hadi 1962, alikuwa mwanahisabati kutoka Cambridge, na kielelezo cha shule alichokuja nacho ni kile cha Uingereza ya karne ya kumi na tisa, ambacho riwaya ya Thomas Hughes, Tom Brown's School Days (1857), ilikieneza: viranja, mabweni yanayoshindana, michezo, maji baridi, sala, na mvulana anayeumia bila kulia. Sheria nayo ilikuwa imetangulia. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kinachotoa kifungo cha miaka 14, kinatokana na Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860. Wanaosema kwamba mapenzi haya yameletwa na Mzungu husahau kuuliza hati ya kuyaharamisha iliandikwa na nani.

Jando nalo halikufa. Lilihamia zahanatini, likasukumwa hadi likizo ya Desemba, baina ya darasa la mwisho la msingi na kidato cha kwanza. Lililopotea ni somo. Mvulana aliingia bwenini akiwa na kovu lakini bila mafunzo, na kazi ya kungwi ikashikwa na wanafunzi wa kidato cha tatu. "Mono" alipima uwanja kwa kijiti cha kiberiti, akalala chini ya kitanda, akaimba uchi mbele ya wakubwa. Aliyetoka katika jamii zisizotahiri alikiona cha mtema kuni. Yafaa tuzingatie jambo hili: wavulana waliochunguzana miili usiku ndio hao hao waliotukanana kwa kuchunguzana miili asubuhi. Tusi lilikuwa pazia la kilichokuwa kikitendeka.

Matokeo yake hayakuishia kwa wavulana. Usiku wa tarehe 13 Julai 1991, katika shule ya mseto ya St. Kizito, Meru, wavulana waliwavamia wasichana bwenini; 19 walifariki na 71 wakabakwa. Kauli iliyonukuliwa kutoka kwa uongozi wa shule, kwamba wavulana hawakukusudia madhara bali kubaka tu, ilichukiza ulimwengu. Kwa maoni yetu, kauli hiyo ilitamka waziwazi kanuni ambayo bweni lilikuwa likifundisha kimyakimya: kwamba mvulana huthibitisha uanaume wake juu ya mwili wa mwingine. Mwaka 1999, Nyeri, viranja wanne walichomwa moto chumbani mwao na wenzao. Fimbo ilipigwa marufuku mwaka 2001. Bweni halikuguswa.

Na fasihi yetu? Riwaya ya Kiswahili inayosomwa shuleni imempenda mvulana msafiri, anayeteseka kwa watu wa nyumbani na kumtafuta baba, kama katika Siku Njema (1996) ya Ken Walibora. Bweni lenyewe usiku ni nadra kulikuta. Binyavanga Wainaina, aliyesoma Mang'u na Lenana, aliandika kumbukumbu zake mwaka 2011 bila kuutaja upande huu wa maisha yake. Alingoja hadi Januari 2014 kuiandika sura aliyoiita iliyopotea. Alifariki tarehe 21 Mei 2019. Siku tatu baadaye Mahakama Kuu ilikataa kuvibatilisha vifungu vya 162 na 165. Mwishoni mwa 2021, Waziri wa Elimu wa wakati huo, Profesa George Magoha, alisema hadharani kwamba wanafunzi wa aina hii wasikubaliwe katika shule za bweni, wasome shule za kutwa karibu na kwao.

Mwandishi wa makala haya alisoma katika shule ya bweni miaka ya tisini. Alipokuwa kidato cha tatu, karatasi ilipatikana chini ya godoro la mwanafunzi mmoja, naye mwalimu wa zamu akaisoma kwenye gwaride la asubuhi. Lilikuwa shairi la tarbia, mizani kumi na sita kila mshororo, na vina vilivyotimia. Liliitwa la mapenzi. Kiswahili, kama ajuavyo msomaji, hakibainishi mume na mke katika viambishi vyake. "Nimpendaye" aweza kuwa yeyote, na bahari nzima ya ushairi wetu imeogelea katika utata huo kwa raha. Muhibu anayeitwa pale aweza kuwa mchumba, rafiki, au hata Mungu. Jinsia ya muhibu wa shairi lile ilitiwa na mwalimu, kwa sauti aliyoisomea. Nasi tulicheka, mwandishi akiwamo. Mwenye shairi aliondoka na sanduku lake kabla ya chakula cha mchana.

Muhula uliofuata mwalimu yule yule alitufundisha uhakiki wa mashairi. Somo la kwanza lilikuwa nafsineni na nafsinenewa. Alituonya tusimchanganye mshairi na anayesema ndani ya shairi, na hakuna aliyenyoosha mkono.