Mizani ya Haki: Tathmini katika Mifuko ya Wanawake

Tathmini ya misaada, kwa namna itumikayo leo, haikuzaliwa katika harakati za wanawake. Chimbuko lake moja kubwa ni Marekani, ambako mwaka 1969 Leon Rosenberg na wenzake walilitungia shirika la misaada la serikali, USAID, jedwali la mantiki lenye daraja za pembejeo, mazao, madhumuni na lengo kuu, ili kila fedha itolewayo ionyeshe njia iliyopita hata kufikia natija yake. Kwa visima na barabara jedwali hilo lilifaa, maana kisima huhesabika na barabara hupimwa urefu. Lakini haki haijapata kuwa kitu cha namna hiyo.

Mifuko ya wanawake, yaani ile itoayo ruzuku kwa vikundi vya wanawake, ilianza kwa itikadi nyingine kabisa. Mama Cash iliasisiwa Amsterdam mwaka 1983 kwa mali ya mirathi ya Marjan Sax. Mwaka 1987, miaka miwili baada ya maelfu ya wanawake kukutana Nairobi kuhitimisha Muongo wa Wanawake wa Umoja wa Mataifa, Anne Firth Murray na wenzake walianzisha Global Fund for Women huko California, wakayapokea maombi ya lugha yoyote, hata yaliyoandikwa kwa mkono, kwa kuwa waliamini kwamba mwenye shida huijua dawa yake kuliko mpaji aliye mbali. Bara letu nalo likapata mfuko wake mwaka 2000, pale Hilda Tadria wa Uganda, Joana Foster wa Ghana na Bisi Adeleye-Fayemi wa Nigeria walipoasisi African Women's Development Fund, wenye makao Accra.

Baada ya mkutano wa Beijing wa mwaka 1995, ambao Katibu Mkuu wake alikuwa Gertrude Mongella wa Tanzania, serikali za Ulaya nazo zilitoa fedha kwa ajili ya haki za wanawake, na pamoja na fedha likaja jedwali. Hapo ndipo mtathmini alipopata ajira na dhiki kwa pamoja. Mfadhili alitaka habari za kila mwaka: semina ngapi, wanawake wangapi, ilhali vyama vya Tanzania vilivyoungana kudai haki ya mwanamke katika ardhi, kabla ya sheria za mwaka 1999, vilifanya kazi ambayo hakuna hata chama kimoja kingeweza kwa insafu kuiandika yote katika safu yake peke yake.

Jibu lililo bora, kwa maoni yangu, lilitoka kwa watu wa kazi wenyewe. Women's Funding Network, muungano wa mifuko hiyo, ulikubali aina tano za mabadiliko ya kutafutwa: namna jamii inavyolitambua jambo, mwenendo wa watu, ushiriki wao, sera, na, la tano, kuyahifadhi yaliyokwisha kupatikana. Hili la tano ndilo lenye thamani kuu. Mwaka ambao wapinzani wanajaribu kuifuta sheria na wanawake wakawazuia, jedwali la zamani huuhesabu kuwa mwaka mtupu, maana sheria ni ile ile na takwimu ni zile zile, hali mwaka huo huenda ndio uliogharimu jasho, hofu na fedha kuliko yote.

Mwaka 2010 Srilatha Batliwala na Alexandra Pittman, katika uchunguzi wao uliotolewa na AWID, shirika la kimataifa la haki za wanawake, walizipitia mizani nyingi zilizokuwa zikitumika, wakasisitiza kwamba upinzani unaozuka dhidi ya wanawake waweza kuwa dalili ya kazi iliyofika mahali pake, wala si ushahidi wa kushindwa. Tangu hapo mtathmini mwenye uangalifu huwauliza wanawake wenyewe, kabla ruzuku haijaanza kutumika, ni hasara gani wanayoitazamia na ni nini watakachokiona kuwa ushindi, kisha huyaandika majibu hayo mahali ambapo mfadhili hawezi kuyapita bila kuyasoma.